Maji ya Kumwoshea Bi Aqsa

Bango lilitundikwa Jumanne asubuhi kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa, pale Majengo, na kufikia saa nne Mwanasiti Jumbe alikuwa ameshalisoma mara tatu, na kila mara damu ilimchemka zaidi. KUMBUKUMBU YA MAGWIJI WETU WALIOTUTOKA MWAKA HUU, ndivyo lilivyosema, kwa herufi za rangi ya dhahabu. Chini yake kulikuwa na picha tano: mchezaji mpira wa zamani, mpiga gitaa, mwalimu mkuu, diwani wa enzi zile, na kule pembeni kabisa, Bi Aqsa Fahim, mtangazaji wa redio. Juu ya wote watano, kubwa kuliko picha zao zote zikiunganishwa, ilikuwa picha ya mtu aliye hai. Huyo ni Mheshimiwa Maingi, ambaye hajawahi kuwa mheshimiwa wa kitu chochote ila anautaka ubunge uchaguzi ujao. Alikuwa anatabasamu hadi magego.

"Wamekufa watano, anacheka mmoja," Mwanasiti alimwambia mteja aliyekuwa akisubiri mahamri.

Mteja akacheka. Mwanasiti hakucheka. Aligeuza mahamri kwenye karai kwa hasira hadi mafuta yakamrukia kidoleni, naye akayalaani mafuta, bango na aliyelitundika, kwa mpangilio huo.

Mwanasiti ana kazi mbili. Asubuhi hukaanga mahamri na viazi karai mbele ya nyumba aliyozaliwa, nyumba ya udongo yenye baraza ya saruji iliyomomonyoka, hatua chache kutoka kelele za Gikomba. Kazi hiyo humpa ugali. Kazi ya pili haina saa wala likizo. Mwanamke Mwislamu akifariki kuanzia Majengo mpaka Kayole, mpaka Baba Dogo huko, simu ya Mwanasiti hulia, naye hufunga jiko, hutia kwenye kikapu majani ya mkunazi, kafuri, pamba na vitambaa safi, akaenda kuosha maiti.

Kazi hiyo alifundishwa na Mama Ambaro, mjane wa Kisomali aliyekuwa jirani yao, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mwanasiti alikuwa na miaka ishirini na tatu. Kabla hajaruhusiwa hata kushika kata ya maji, alikalishwa kwenye mkeka akaambiwa sheria moja. Ukiona jema kwenye maiti, uso umetulia, kidole cha shahada kimenyooka, unaweza kuisimulia familia ifarijike. Ukiona kingine chochote, kovu, kidonda, alama, umekiona wewe na Mungu wako, basi. "Kile umeona kizikwe na yeye," Mama Ambaro alimwambia. "Ukirudi nacho nyumbani, wewe ni mwizi."

Miaka zaidi ya thelathini sasa, Mwanasiti hajawahi kurudi na kitu. Marehemu mumewe aliwahi kumdodosa, mara moja tu, kuhusu mke wa rafiki yake. Usiku huo alilala bila chakula na hakuuliza tena. Wanawake wa mitaa hii wanalijua jambo hilo, ndiyo maana wanamwita yeye. Waosha wengine wapo, na wengine wako karibu zaidi. Kuna mmoja huko ng'ambo ya mto, mwenye mkono mwepesi kuliko Mwanasiti, ambaye siku moja kwenye arusi alitaja chale alizoziona kifuani kwa marehemu fulani. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita tena. Anauza barafu sasa.

Basi, huyo ndiye Mwanasiti. Na Bi Aqsa naye, kwa asiyemjua, alikuwa ni sauti.

Miaka thelathini alisoma matangazo ya vifo kwenye redio. Enzi zile hakukuwa na simu za mkononi, na mtu akifia Nairobi huku ndugu zake wakiwa Vanga na Garissa na Mumias, njia ya kuwafikia ilikuwa moja tu. Ulikwenda kituoni na karatasi, na jioni, nchi nzima ikiwa imenyamaza, Bi Aqsa alisoma. Alisoma polepole, kana kwamba kila marehemu alikuwa peke yake siku hiyo. Hakuwahi kukosea jina la mtu wala la kijiji. Kama karatasi ilikuwa na jina asilolijua, alimtafuta aliyelileta akamwuliza linavyotamkwa, akalirudia mpaka likakaa mdomoni.

Mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nane, Mwanasiti akiwa msichana wa miaka kumi na minane, alipeleka karatasi ya baba yake. Alisimama kwenye ukumbi wa kituo kile, kanga imelowa machozi, na yule mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba akatoka mwenyewe, mfupi, amevaa viatu vya mpira, akaichukua karatasi akaisoma yote.

"Huyu ami yako Mwinyihaji hujamwandikia mahali," alisema.

"Hatujui yuko wapi, Bi. Aliondoka zamani. Waligombana na baba."

Bi Aqsa aliishika kalamu akaandika maneno mawili mbele ya jina hilo. Jioni ile, nyumba nzima ikiwa imekusanyika kwenye redio ya jirani, walisikia: tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee Jumbe wa Majengo, Nairobi. Habari ziwafikie kaka yake Mbwana wa Vanga, dada yake Mwanaidi wa Msambweni. Hapo alinyamaza kidogo. Na mdogo wake Mwinyihaji, popote alipo.

Siku ya pili ya matanga, Mwinyihaji aliingia uani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Voi, kibarua kwenye shamba la mkonge. Alisema alisikia "popote alipo" akajua ameitwa yeye. Mwanasiti hajasahau, na hana nia ya kusahau.

Kisha dunia ikageuka. Redio zikawa mia, matangazo ya vifo yakaonekana yanawafukuza vijana, na saa yake wakapewa watu wawili wa kuchekacheka. Bi Aqsa aliagwa kwa keki. Mume alikwisha kufa, mtoto hakujaliwa. Alihamia chumba kimoja Kayole, ghorofa ya tatu, mlango unaotazamana na wa Kamene, Mkamba muuza sukuma wiki kule kwenye stendi za Spine Road. Miaka miwili ya mwisho aliugua. Ndugu wa damu alikuwa amebaki mmoja hapa mjini, Kawsar, binti wa kaka yake, anayekaa upande wa pili wa jiji kwenye nyumba yenye lifti. Huyo Kawsar ana kazi nzuri na kucha ndefu, na kama aliwahi kupanda ngazi zile, Kamene hakumwona, na Kamene mlango wake huwa wazi mchana kutwa.

Siku aliyofariki, Kamene ndiye aliyempigia Mwanasiti. "Mama Siti, njoo. Na alisema asitolewe mlangoni kama hajavalishwa. Aliniapisha. Alisema ametangaza watu wengi sana, hataki kutazamwa."

Sasa, pale msikitini kuna chumba cha kuoshea, kuna bomba, kuna kitanda cha kuoshea ingawa miguu yake inacheza. Lakini mtu ameomba astiriwe kwake, na ombi hilo si la kuvunjwa. Mwanasiti alifika akakuta tatizo ni maji. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka mahali fulani, na Kayole yote ilikuwa siku ya tisa bila tone. Mtu hapati chai, sembuse josho la mara tatu. Alimpigia Kawsar, maana desturi ni ndugu wa kike watangulie kuosha. Kawsar alisema yuko kwenye mkutano, innalillahi, inauma sana, endeleeni tu msinisubiri.

Kamene hakungoja kuulizwa. Aliacha mboga zake zikinyauka, akashuka mpaka kwa muuzaji wa maji kando ya barabara, akapandisha mtungi, mshipi kwenye paji la uso, namna mama yake alivyobeba kuni. Akashuka tena. Mwanasiti alitundika shuka katikati ya chumba, akawa upande mmoja na Bi Aqsa, na Kamene akawa upande wa pili, anapitisha ndoo kwa chini. Mitungi kumi na mmoja. Ule wa saba aliupandisha akiwa analia kwa sauti, kwa uchovu na kwa msiba, hata yeye hakujua kipi ni kipi. Mwanasiti alifanya peke yake kazi ya watu watatu, na mgongo ulimuuma siku nne.

Alichokiona nyuma ya lile shuka hakitaandikwa hapa. Hata huyu anayesimulia hajaambiwa.

Keshoye, Kawsar alikuwa ameshaweka picha ya shangazi yake kwenye simu za watu wote, na utepe mweusi, na maneno marefu kuhusu mikono iliyomlea. Watu waliomwona Bi Aqsa mara ya mwisho siku ya keki waliandika kwamba wamevunjika moyo. Mwingine aliandika kwamba Bi Aqsa amezaliwa Mombasa. Amezaliwa Majengo! Nyumba ya tatu kutoka kisimani! Mwanasiti alikuwa akisomewa haya na wateja, na kila aliposikia jipya alisonya mpaka paka wa jirani akahama.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka bango likatundikwa. Na Alhamisi, siku mbili kabla ya kumbukumbu yenyewe, Mheshimiwa Maingi akaja barazani kwake na Kawsar.

Maingi alikaa kwenye benchi la wateja, akaomba viazi karai, akala viwili akavisifu kama aliyekula pilau. Kawsar hakukaa. Alikuwa akiliangalia benchi.

"Mama," Maingi alianza, "kuna maneno yanazunguka huko kwa magrupu. Ati Bi Aqsa alikufa vibaya. Ati aliachwa. Na wewe unajua hiyo ni siasa."

"Mimi najua mahamri," alisema Mwanasiti.

"Sisi Jumamosi tunazindua wakfu kwa jina lake. Kawsar hapa ndiye mwenyekiti. Itasaidia wazee, itasaidia wagonjwa. Lakini watu wakiamini hayo maneno, kitu imekufa kabla izaliwe. Sasa wewe ndiye ulimwosha. Watu wa hapa wanakuamini kuliko mimi."

"Hilo ni kweli."

Kawsar akainama kidogo, sauti akaifanya laini. "Bi Mwanasiti, si mnaruhusiwa kusema mazuri? Useme tu uso ulikuwa unang'aa. Na mwili ulikuwa safi, wa mtu aliyetunzwa. Dakika mbili tu."

"Wa mtu aliyetunzwa," Mwanasiti akarudia.

"Ndiyo."

"Na nani?"

Kawsar akamgeukia Maingi. Maingi akajifuta vidole, akasema ameona kitanda cha kuoshea pale msikitini, ni aibu, miguu inacheza, maiti anaweza kuanguka. Yeye ataleta kipya, cha chuma, chenye mfereji wa maji. Jumatatu hiyo hiyo. Na kwa upande mwingine, akaongeza, akiangalia barabarani, itakuwa vibaya sana kama mtu atasimama aanze kusimulia mambo ya mwili wa marehemu. Wanawake wataogopa. Nani atakubali mama yake aoshwe na mtu kama huyo?

Hapo Mwanasiti akaelewa kwamba watu hawa hawakuja kubahatisha. Walikuwa wamekaa mahali wakafikiria. Akisema walivyotaka, amedanganya juu ya maiti, na uwongo huo utatembea na jina lake. Akisema alichokiona, amekuwa mwizi, miaka thelathini imekwenda na maji, na kesho atauza barafu. Na akinyamaza, wao watasema, maana maiti hajibu na mwosha hajibu. Ile sheria ya Mama Ambaro, iliyowekwa kumsitiri aliyekufa, walikuwa wamejifunika nayo wao. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Nitakuja," alisema. "Sasa niachieni benchi, wateja wamesimama."

Siku mbili hizo hakulala vizuri wala hakukaanga vizuri. Alizungumza peke yake. Alimwendea Kamene kule stendi akamwambia aje Jumamosi, na Kamene akauliza aje kufanya nini, yeye si wa hiyo dini wala si wa hayo makundi. "Uje ukae tu," Mwanasiti alimwambia. "Nataka kuwa na mtu mmoja wa kumwangalia."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Mbele kulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe vyenye fundo mgongoni, vya wakubwa. Nyuma ni viti vya plastiki, vya waliowajua marehemu. Mwanasiti alikaa safu ya nne na buibui lake jeusi. Kamene alikaa karibu na mlango, kipande cha sukuma wiki bado kimenasa kwenye leso.

Walianza na mchezaji mpira. Alisifiwa na tajiri mmoja, yule yule aliyeuzungushia ukuta uwanja ambao marehemu alikuwa akifundishia watoto bure. Mpiga gitaa alipigiwa wimbo wake kutoka kwenye simu, na msema-chochote, yaani mwendesha shughuli, hakulijua jina la wimbo. Mwalimu mkuu na diwani walipewa dakika tatu kwa pamoja. Kati ya kila marehemu na mwenzake, Mheshimiwa Maingi alisimama kupunga mkono. Mwanasiti alivibana vidole vya miguu ndani ya viatu mpaka vikafa ganzi.

Kisha akaitwa Kawsar.

Alilia vizuri, hilo akubaliwe. Alisimulia utoto, akasimulia redio, akasimulia sauti. Kama angeishia hapo, pengine Mwanasiti angerudi nyumbani na hasira yake akaikaanga kesho na mahamri. Lakini makofi humpeleka mtu mbali.

"Shangazi alifia mikononi mwangu," Kawsar alisema. "Hakukosa kitu. Na mimi ndiye niliyemmwagia maji ya mwisho. Nakumbuka nilifungua bomba pale kwake Kayole, maji yakatoka ya uvuguvugu, nikasema, hata maji yanamlilia shangazi."

Watu wa mbele wakapiga makofi. Watu wa nyuma hawakupiga.

Kisha mwanamke mmoja wa viti vya plastiki, mkazi wa Kayole, akauliza, wala si kwa sauti kubwa, "Bomba gani?"

"Hiyo si ndiyo ile wiki ya kupasuka?" mwingine akadakia. "Sisi tulikuwa siku ya tisa. Mimi nilikuwa nikioga na kikombe!"

"Labda bomba la soda," akasema mzee mmoja, na kicheko kikapita nyuma kote.

Anayekaa kwenye nyumba yenye lifti hawezi kulijua jambo hilo. Kwake maji hutoka, basi anadhani kwa kila mtu hutoka. Kawsar alikodoa macho, hakuelewa amekosea wapi, akashika kitu cha kwanza kilichomjia. "Bi Mwanasiti yupo! Ndiye aliyekuwa na mimi. Atawaambia mwenyewe."

Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka safu ya nne. Msema-chochote akamwomba kwa ishara ya vidole viwili: dakika mbili, mathe.

Mwanasiti alisimama. Na pale, lazima isemwe, alikaribia kuanguka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Neno moja tu la alichokiona nyuma ya lile shuka, na ukumbi mzima ungewageukia wale wawili, na Maingi asingepata kura hata ya mama yake mzazi. Alitamani kulisema kuliko alivyowahi kutamani kitu. Akamtazama Kamene kule mlangoni, akaona lile paji la uso, na alama ya mshipi ambayo haijafutika vizuri.

Akalimeza neno.

"Mimi ni mwosha," alisema. "Mwili wa Bi Aqsa sitausema. Si kwa uzuri, si kwa ubaya, si leo, si nikiwa kitanda cha mauti. Aliyekuja hapa kuusikia, aende kwake. Lakini maji si mwili. Maji nitayasema."

Maingi alianza kusimama. Akina mama wa nyuma wakamwambia akae, na kwa kuwa ni wapiga kura, akakaa.

"Huyu mwanamke ametutangazia wafu wetu miaka thelathini. Yeye mwenyewe alipokufa hakutangazwa na mtu. Alipigwa picha tu. Basi mimi namtangaza, vile alivyotutangaza sisi."

Akavuta pumzi. Akaanza polepole.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Bi Aqsa binti Fahim, mtangazaji, mzaliwa wa Majengo, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Kifo kilitokea nyumbani kwake Kayole, ghorofa ya tatu, saa mbili asubuhi. Aliyekuwa amemshika mkono ni jirani yake, Kamene, muuza sukuma wiki. Mabomba yalikuwa makavu siku ya tisa. Maji ya kumwoshea yalitoka kwa muuzaji wa barabarani, mitungi kumi na mmoja, na yote alipandisha Kamene, mgongoni kwake, peke yake. Hakuna mwingine aliyepanda ngazi zile kuja kumwosha isipokuwa mimi."

Watu walianza kugeuka kumtafuta Kamene. Kamene alikuwa ameinama, leso usoni.

"Habari ziwafikie wasikilizaji wake wote, wa Vanga, wa Voi, wa Garissa, wa Mumias. Habari zimfikie Mheshimiwa Maingi."

Hapo Mwanasiti alinyamaza kidogo, mahali pale pale Bi Aqsa alipokuwa akinyamaza. Waliokuwa na umri wa kukumbuka waliijua ile nafasi, na baadhi yao walishika vichwa kabla hata neno halijatoka.

"Na Kawsar, binti wa kaka yake. Popote walipo."

Wote wawili walikuwa wamekaa hatua kumi kutoka kwake, safu ya mbele, kwenye viti vyenye fundo mgongoni.

Mwanasiti alikirudisha kipaza sauti, akachukua kikapu chake, akapita katikati ya viti mpaka mlangoni. Alimshika Kamene mkono wakatoka. Nyuma yao kelele zilikuwa zimeanza, lakini hakugeuka kutazama.

Kitanda cha chuma hakikuja, bila shaka. Wakfu nao hatujausikia tena. Lakini maneno ya Maingi barazani yalikuwa yamemwingia, na Jumatatu alianza kusikiliza simu yake. Haikulia. Wiki ya kwanza akasema ni heri, watu hawajafa. Wiki ya pili akasikia kuna mama amezikwa Baba Dogo, na hakuitwa. Walikuwapo waliosema Mwanasiti siku hizi anasimama mbele ya watu na kipaza sauti, leo kasema maji, kesho atasema nini? Aliendelea kukaanga. Alisonya kidogo kuliko kawaida, na hilo liliwatia wateja wasiwasi.

Ijumaa ya wiki ya tatu, saa tatu asubuhi, wakaja wanawake wawili kwa miguu, dada wawili wa Kayole ambao hakuwajua. Walikuwa wamelia. Yule mkubwa alimwamkia shikamoo.

"Ni mama yetu," alisema. "Amefariki alfajiri. Alikuwa pale ukumbini siku ile, alikaa nyuma. Aliporudi akatuambia, mimi nikienda mniitie yule, kwa sababu alishikishwa kipaza sauti na bado hakusema."

Mwanasiti aliepua karai. Akafungua kikapu kuangalia kama kafuri ipo. Kisha akauliza, bila kuwatazama, kama anavyowauliza wote, maji yako wapi, na kama kuna mtu wa kuyapandisha, maana Kayole anaijua.

Yule mdogo ndiye aliyejibu. Mabega ya gauni lake yalikuwa yamelowa, na kwenye paji la uso alikuwa na alama ya mshipi.

"Tumeshapandisha wenyewe."